Kukimbia ukiwa likizoni Unguja: tunavyodanganyana

Kila Desemba kundi letu la mbio hapa Arusha hutawanyika, na kila Januari watu hurudi na kisa kilekile: raba zilikwenda safari zikarudi safi. Mimi likizo yangu huwa Jambiani, kijiji cha pwani ya mashariki ya Unguja, ukweni. Miaka ya mwanzo nami nilirudi na raba safi, na sababu nilizokuwa nazo karibu zote zilikuwa maneno ya kuambiwa.

La kwanza ni lile la "siku kumi bila kukimbia, unaanza sifuri." Hili ndilo linalowavunja watu moyo. Wakikosa siku tatu wanaona yameshaharibika, basi wanaacha moja kwa moja. Ukweli ni kwamba pumzi haikimbii haraka hivyo. Aliyefanya mazoezi kwa muda mrefu akiacha kabisa kwa wiki mbili au tatu, uwezo wa mwili wake kutumia oksijeni hupungua kwa kiasi cha asilimia 7. Na huna haja ya kuacha kabisa. Mwaka 1981 watafiti wa Marekani, Hickson na mwenzake, waliwapunguzia watu mazoezi kutoka siku sita kwa wiki hadi mbili. Wiki 15 baadaye uwezo ule ulikuwa palepale, kwa sharti moja: siku hizo mbili walijituma kama zamani. Kwa hiyo likizoni mara mbili kwa wiki zinatosha, ila ziwe mbio za kweli, si za kupigia picha.

"Ufukweni ndiko kwenye kiwanja, tena mchanga ni laini, haudhuru miguu." Hapa nililipa ada mwenyewe. Mwaka wa kwanza niliamka saa kumi na mbili asubuhi, siku ya pili baada ya mwezi mpevu, nikashuka pwani. Pwani haikuwepo! Maji yalikuwa yamefika kwenye kuta za hoteli, kimebaki kiukanda cha mchanga mkavu, tena umelala upande kama paa. Nikajikaza hadi mwisho wa kijiji na kurudi. Jioni nilishuka ngazi kinyumenyume, mashavu ya miguu yamekaza kama kamba ya ngalawa.

Mama mkwe alicheka mpaka akakaa chini. "Sasa weye mwanangu, bamvua hili, wenda pwani alfajiri kutafuta nini? Maji yatoka saa nne."

Alikuwa na haki ya kucheka, maana hilo kwao hata mtoto analijua. Siku za bamvua, yaani za maji makubwa, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, Unguja maji hujaa alfajiri kiasi cha saa kumi au kumi na moja, na hupwa saa nne hivi za asubuhi. Ndipo unapowaona wakulima wa mwani wakielekea baharini na kamba na vigingi vyao. Kila siku maji huchelewa kwa dakika kama 50, kwa hiyo baada ya wiki, kwenye maji mafu, yaani yanapopanda na kushuka kidogo, mambo yamegeuka: alfajiri maji yamepwa na mchanga ni mgumu, umelowa, mguu hauzami. Hizo ndizo asubuhi za kukimbia pwani. Za bamvua nenda lami inayopita nyuma ya kijiji kuelekea Paje, upande wa kulia, uyatazame magari usoni. Ama huo ulaini wa mchanga, kipimo kilichochapishwa mwaka 1998 kilionyesha kwamba kukimbia mchangani kunakula nguvu mara 1.6 ya kukimbia kwenye ardhi ngumu. Dakika 20 za mchanga mkavu si mapumziko hata kidogo, na kano la kisigino ndilo linalobeba deni.

Sisi wa milimani tuna letu: "Ukitoka Arusha ukashuka pwani, utapaa." Arusha iko mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo ni kweli pwani hewa ya kuvuta ni nyingi. Lakini Desemba ni kaskazi, msimu wa joto pwani, joto lina unyevu, jasho linadondoka badala ya kukauka, na jasho lisilokauka halipozi mwili. Mwili unahitaji wiki moja hadi mbili kulizoea joto, yaani ukizoea tu, likizo imekwisha. Punguza mwendo usione haya, na uwe umerudi nyumbani kabla ya saa moja na nusu.

Dafu ukirudi? Kunywa. Lina potasiamu tele, lakini jasho linatoa zaidi chumvi ya kawaida, ambayo dafu linayo kidogo. Mimi dafu nalifuatishia muhogo wa nazi, na sijaona aliyelalamika.

Limebaki lile la staha, ambalo wanawake tunaulizana zaidi: "Kule mwanamke akikimbia atasemwa." Zanzibar ina siku yake ya mazoezi kitaifa, Januari mosi, watu wanajitokeza barabarani kwa vikundi, wanawake kwa wanaume. Asubuhi pita Maisara, pale Mjini, uone mwenyewe. Kinachosemwa ni mavazi. Kaptura ya Njiro, mtaa wetu wa Arusha, iache Njiro. Mimi huvaa suruali pana, fulana ya mikono mirefu na mtandio mwepesi, na nikipita mbele ya baraza ya wazee natembea, natoa salamu, nikimaliza naendelea. Mwaka wa kwanza waliniuliza nani ananifukuza.

Siku hizi sihitaji hata kutazama kalenda. Usiku, tukikunja jamvi, mama mkwe huniambia mwenyewe: "Kesho lami." Au: "Kesho pwani, lakini usichelewe, yarudi."