Dakika Tano Kabla ya Taarifa: Kuchagua Programu ya Chumba cha Habari cha Redio

Imebaki dakika tano taarifa ya saa saba mchana iingie hewani. Ripota anapiga simu kutoka eneo la tukio: majeruhi si kumi na mmoja, ni saba. Habari hiyo ndiyo ya kwanza kwenye orodha, msomaji ameshaketi studio, na idadi ile ya zamani imo kwenye vichwa vya habari vya mwanzo, imo kwenye habari yenyewe, na imo tena kwenye muhtasari wa mwisho. Hapo ndipo mtajua kama mna programu ya chumba cha habari au mna kompyuta tu zilizojaa maandishi.

Nimeanzia hapo kwa sababu kazi yangu ni kufundisha vyumba vya habari vya redio, na mara nyingi huitwa programu ikiwa imeshanunuliwa na wahariri wameshaisusa. Nikiuliza ilichaguliwaje, jibu halibadiliki sana: muuzaji alikuja asubuhi moja tulivu, akaionesha kwenye skrini kubwa, mkurugenzi akapenda rangi. Hakuna aliyesema, "Hebu tubadilishe habari ya kwanza wakati msomaji tayari anasoma ya pili."

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini, maana mambo matatu huchanganywa. Programu ya kurusha matangazo ndiyo inayopanga muziki, matangazo ya biashara na vipindi na kuvipiga kwa saa yake. Rivendell na LibreTime ni za aina hiyo, zote za chanzo huria, yaani msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuutumia na kuubadilisha. Programu ya kuhariri sauti, kama Audacity iliyotoka mwaka 2000, ndiyo mkasi wa kukatia mahojiano. Programu ya chumba cha habari ni jambo jingine. Humo ndimo habari inamoandikwa, inamohaririwa, inamoambatanishwa na sauti yake, inamopangwa kwenye orodha ya taarifa ikiwa na muda wake, inamosomwa kwenye skrini ya studio, na inamohifadhiwa ili mtu aipate mwezi ujao. Redio yenye mbili za kwanza tu inaweza kutangaza habari, na ziko nyingi zinazofanya hivyo kwa mafaili ya kawaida ya maandishi. Shida huanza zamu inapokuwa na watu zaidi ya wawili.

Majina mtakayoyasikia ni kama ENPS, ambayo shirika la habari la AP liliitengeneza katikati ya miaka ya 1990 na BBC ikawa mteja wake mkubwa wa mwanzo. Dalet ya Ufaransa, iliyoanzia kwenye redio. Burli ya Kanada, iliyojengwa ikikilenga chumba cha habari cha redio hasa. Na Superdesk, ya chanzo huria, ambayo imeegemea zaidi kwenye maandishi. Kuzitaja si kuzipigia debe. Programu kubwa inayoendesha jengo zima la wahariri mia tatu inaweza kuwa mzigo kwa dawati la watu sita wasio na fundi wa kompyuta wa zamu ya usiku.

Kwa hiyo msianze na orodha ya sifa. Anzeni na habari moja. Ifuateni tangu ripota alipoirekodi hadi iliposomwa, mkiandika kila mkono ulioishika na kila mahali iliponakiliwa upya. Kwenye redio moja tulifanya zoezi hili tukakuta habari ya dakika moja na nusu imeandikwa mara nne: kwenye simu ya ripota, kwenye ujumbe wa WhatsApp, kwenye kompyuta ya mhariri, na kwenye karatasi ya msomaji. Kila ilipoandikwa upya, jina la kijiji lilibadilika kidogo. Programu nzuri kwa redio ile ilikuwa yoyote ambayo ingeondoa nakala tatu kati ya hizo nne. Mengine yote yalikuwa mapambo.

Sasa nikae kwenye jambo ambalo wauzaji hawalitaji na ambalo linawaumiza sana wanaoandika kwa Kiswahili: saa ya kuhesabu muda wa kusoma. Programu hizi hukadiria urefu wa habari kwa kuhesabu maneno. Kanuni ya siku nyingi ya redio za Kiingereza ni maneno matatu kwa sekunde, yaani 180 kwa dakika, na kasi ya namna hiyo mnaweza kuikuta imewekwa tayari. Lakini neno letu moja hubeba mzigo wa sentensi. "Hawakutuambia" ni neno moja. Mwingereza atahitaji matano. Tuseme msomaji wenu anasoma maneno 120 kwa dakika. Taarifa ya maneno 600 itaoneshwa kwenye skrini kuwa ya dakika tatu na sekunde ishirini, naye ataimaliza kwa dakika tano kamili. Mhariri aliyeiamini skrini ataongeza habari mbili za kujazia, kisha atashangaa michezo imekatwa na kiashirio cha kipindi kinachofuata.

Dawa yake ni ndogo. Mpeni kila msomaji taarifa halisi, asome dakika tatu kwa mwendo wake wa hewani, hesabuni maneno, gawanyeni kwa tatu, na namba hiyo iingizwe kwenye jina lake ndani ya programu. Kama programu hairuhusu kila msomaji awe na kasi yake, hiyo ni dosari kubwa. Na tarakimu nazo zina ujanja wake. Ukiandika 2,347, kompyuta huenda ikahesabu neno moja; msomaji anatamka "elfu mbili mia tatu arobaini na saba", maneno saba. Habari ya bajeti yenye tarakimu kumi za namna hiyo inaficha karibu nusu dakika. Ndiyo maana mimi hung'ang'ania namba ziandikwe kwa maneno kwenye habari za redio, ingawa waandishi waliotoka magazetini hununa.

Ipo na saa nyingine, ile ya ukutani. Programu inahesabu siku kuanzia usiku wa manane, sisi tunahesabu kuanzia alfajiri. Kuna mhariri aliyepokea taarifa yenye masharti isitangazwe kabla ya saa nne asubuhi. Akaweka zuio lake vizuri kabisa: 04:00. Saa kumi alfajiri programu ikaifungua, msomaji wa zamu ya usiku akaiona haina zuio, akaisoma. Saa sita kabla ya wakati. Hakuna aliyekuwa mzembe. Kila mmoja alisoma saa ipasavyo kwa lugha yake. Tangu hapo nawaambia watu waandike juu ya habari yenyewe, kwa maneno, "isitoke kabla ya saa nne ASUBUHI", hata kama programu ina kitufe chake.

Sauti ndiyo moyo wa redio, na humo ndimo programu nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya maandishi hukwama. Klipu, yaani kipande cha sauti kilichokatwa, inatakiwa iishi ndani ya habari, si kwenye folda ya pembeni. Niliwahi kuwa mhariri wa zamu mahali ambapo klipu zilikaa kwenye folda ya pamoja, kila mtu akizipa majina anavyojua. Jioni moja tulikuwa na "waziri", "waziri mpya" na "waziri mpya ya mwisho". Fundi mitambo akapiga ya katikati. Wasikilizaji wakasikia kauli ya wiki iliyotangulia, ambayo waziri huyohuyo alikuwa ameikana asubuhi ile. Kosa lilikuwa langu, si la fundi. Klipu ingekuwa imefungwa ndani ya habari, pamoja na muda wake na maneno yake ya mwisho, asingekuwa na cha kuchagua.

Basi kabla ya kulipa, jaribuni yafuatayo kwa mikono yenu. Rekodini mahojiano kwa simu mliyo nayo, yaingizeni, katani sekunde ishirini, ziambatanisheni na habari, habari ihamisheni kutoka nafasi ya tano kwenda ya kwanza, kisha mwone kama sauti imehama nayo. Ingizeni na ujumbe wa sauti wa WhatsApp kama ulivyo. Ujumbe huo huja kwa mfumo wa Opus, na programu isiyoutambua itamlazimisha ripota aubadilishe kwingine kwanza, na kila sauti inapobanwa upya hupungua kitu. Ulizeni pia inazungumzaje na programu yenu ya kurusha matangazo. Vyumba vikubwa hutumia itifaki iitwayo MOS, iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1990 ili mitambo ya makampuni tofauti ielewane. Redio ndogo huridhika na folda moja inayotazamwa na programu zote mbili. Vyovyote iwavyo, muuzaji asiseme tu "inaunganishwa". Aiunganishe mkiwa mnatazama.

Ukubwa wa mafaili nao upigiwe hesabu mapema. Dakika moja ya WAV, yaani sauti isiyobanwa, ya stereo kwa ubora wa CD ni megabaiti 10 na ushei, mono ni nusu yake, na MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde haifiki megabaiti 1. Ripota aliye mbali atatuma MP3, na ni sawa. Ila ndani ya jengo hifadhini WAV, kwa sababu klipu ya leo itakatwa tena kesho kwa ajili ya kipindi cha wiki na itakatwa tena aliyezungumza humo akifariki.

Kisha ikatikeni intaneti. Namaanisha mng'oe waya. Programu zinazoendeshwa kwenye seva za mbali zina raha yake: ripota anaandika akiwa barabarani, na hamhitaji chumba chenye kiyoyozi cha kuhifadhia seva. Lakini swali ni moja: mtandao ukikatika dakika tano kabla ya taarifa, msomaji anabaki na nini mbele yake? Kama jibu ni skrini nyeupe yenye duara linalozunguka, mnahitaji nakala inayohifadhiwa kwenye kompyuta ya studio kila habari inapoidhinishwa. Umeme ukikatika, betri ya akiba iwe kwenye kompyuta ya studio na kwenye kifaa cha mtandao pia. Watu hukumbuka ya kwanza na kusahau ya pili.

Jaribio la watu wawili halichukui hata dakika. Fungueni habari ileile kwenye kompyuta mbili, wote waandike, wote wahifadhi. Programu njema itamwambia wa pili kwamba fulani anaihariri. Mbaya itakubali yote, na aliyehifadhi mwisho ndiye anayebaki. Marekebisho ya mwenzake yanapotea bila hata kuaga. Mkitoka hapo mwulize kama mnaweza kuona nani alibadilisha nini na saa ngapi, na kuirudisha nakala ya zamani. Hii si kwa ajili ya kumshika mtu uchawi. Siku mtu analalamika kwamba mmemtaja vibaya, mtahitaji kujua kilichosomwa saa mbili usiku ni kipi hasa.

Ila historia hiyo haina maana kama dawati zima linaingia kwa jina moja. Nimeona vyumba vingi mno ambako mtumiaji anaitwa "habari", neno la siri ni "habari123", na limebandikwa kwenye fremu ya kompyuta ili wa zamu ya usiku wasisumbuke. Mtu wa mazoezi kazini anaweza kufuta taarifa ya saa kumi na mbili, na programu itaandika kwa uaminifu mkubwa kwamba imefutwa na "habari". Kila mtu awe na jina lake. Ripota aandike, mhariri aidhinishe, na isiyoidhinishwa isionekane kabisa kwenye skrini ya studio.

Kamusi ya Kiingereza inayosahihisha yenyewe izimwe siku ya kwanza. Nimeiona "sana" ikigeuzwa kuwa "sauna" kwenye habari ya msiba. Na zana za kugeuza sauti kuwa maandishi, ambazo zimeenea tangu Whisper ya OpenAI ilipotoka mwaka 2022, zinajua Kiswahili kiasi cha kumsaidia ripota apate mahali pa kukata. Majina na tarakimu ayasikilize kwa masikio yake.

Kuhusu gharama nitasema machache, kwa kuwa mhasibu atayasema mengi. Ulizeni kama leseni inahesabiwa kwa idadi ya watu mlionao au ya walioingia kwa wakati mmoja. Dawati lenye watu ishirini kwa zamu tatu litaona tofauti kubwa. Programu ya chanzo huria haina leseni ya kulipia, lakini inataka mtu anayeijua, na mtu huyo ana mshahara na ana likizo. Swali la kuondoka nalo liulizwe wakati wa kuingia: tukiihama baada ya miaka mitano, maandishi yetu yatatoka kwa mfumo gani, na klipu zitatoka zikiwa bado zimeshikana na habari zake? Mwombeni muuzaji atoe habari kumi hapohapo, azipeleke kwenye kompyuta isiyo na programu yake, mzifungue.

Mkishanunua, msihame kwa siku moja. Anzeni na taarifa isiyo na presha, ya mchana kati au ya wikendi, mtindo wa zamani ukiendelea kwingine, na mwalimu awe mhariri wa hapo ndani badala ya mgeni kama mimi. Mchagueni yule mkongwe anayelalamika kuliko wote. Akishaielewa, atawafundisha wengine kwa lugha wanayoielewa, na malalamiko yake ya wiki mbili za kwanza yaandikeni yote, kwa sababu mengi yatakuwa ya kweli.

Na taarifa iendelee kuchapishwa. Dakika kumi kabla ya kwenda hewani mtu abonyeze kitufe, karatasi zipelekwe studio na kuwekwa upande wa kushoto wa msomaji. Ikija ile simu ya kubadilisha kumi na mmoja kuwa saba, mhariri atarekebisha kwenye programu, na mtu mmoja aliyepangwa kwa kazi hiyo ataingia taratibu na kalamu kurekebisha na kwenye karatasi, mahali pote patatu.