Mahindi huita kuvu, kiduha hudukiza

Maua ya gugu la kiduha ni mazuri, na hilo ndilo linalokera. Kandokando ya Ziwa Victoria, kuanzia Busia na Siaya hadi Mwanza na Shinyanga, shamba lililovamiwa hupambika kwa zambarau huku mahindi yenyewe yamedumaa na majani yamepauka kana kwamba hayakuonja mvua. Sehemu nyingine za Tanzania kuna kile cha maua mekundu, kifupi zaidi. Waluo huliita gugu hili kayongo. Ukishayaona maua umekwisha kuchelewa: gugu limekaa ardhini wiki kadhaa likiwa limeng'ang'ania mzizi, linanyonya maji na chakula. Kuling'oa wakati huo kunafaa kwa jambo moja tu, kuzuia mbegu zisidondoke. Hilo nalo si dogo, maana mche mmoja huweza kumwaga mbegu makumi ya maelfu, nazo hukaa hai udongoni miaka 10 na zaidi.

Kazi yangu ni kemia ya mizizi, kwa hiyo swali langu huanza kabla ya maua. Mbegu hii ina urefu wa takriban milimita 0.3. Akiba yake ya chakula haitoshi hata wiki moja baada ya kuota. Ikiota mbali na mzizi wa kunyonya, hata kwa sentimita moja tu, imekufa. Basi hujuaje kwamba mzizi umefika jirani?

Kwanza hulowa. Hukaa kwenye unyevu na joto kwa wiki moja au mbili, na hata hapo haioti. Inangoja dawa fulani, yaani kemikali, itoke kwenye mzizi ulio hai. Mwaka 1966 watafiti wa Marekani walifanikiwa kuitenga dawa ya namna hiyo, wakaiita strigoli, kutokana na Striga, jina la kisayansi la kiduha. Ajabu ni kwamba waliipata kwenye mizizi ya pamba, na kiduha hakiwezi kabisa kuishi juu ya pamba. Baadaye dawa za ukoo huo zilipatikana kwenye mtama, mahindi na mimea mingine mingi, zikapewa jina la jumla: strigolaktoni. Kwa karibu miaka 40 fumbo likabaki palepale. Kwa nini mmea utumie nguvu zake kutengeneza kitu kinachomwamsha adui?

Jibu lilitoka Japani mwaka 2005, na lilimhusu kiumbe ambaye watafiti wa kiduha hawakuwa wakimtazama. Kohki Akiyama na wenzake walionyesha kwamba strigolaktoni huwafanya kuvu wa mizizi watawanyishe matawi ya nyuzi zao. Ninaposema kuvu, au fangasi kama wengi tulivyozoea, usiwaze wale wanaoozesha mahindi ghalani. Hawa ni mikoriza, marafiki wa mmea. Nyuzi zao huingia ndani ya mzizi na upande wa pili hutambaa udongoni mbali kuliko mzizi unavyoweza kufika, zikikusanya fosforasi. Mmea hulipa kwa sukari na mafuta. Mimea mingi ya nchi kavu inaishi kwa mkataba huu, na mkataba ni wa kale: huko Rhynie, Scotland, kuna visukuku vya miaka takriban milioni 407 ambavyo kuvu wa aina hii wanaonekana ndani ya mimea iliyokuwa haijapata hata mizizi ya kweli.

Sasa mfikirie kuvu huyo kabla hajampata mwenyeji. Ni spora, chembe yenye mafuta kidogo ndani. Ikichipua, uzi wake hutembea mwendo mfupi, na usipokutana na mzizi hukatiza safari. Shida yake ni ileile ya mbegu ya kiduha: akiba ndogo, giza, na mzizi ambao hujui uko wapi. Strigolaktoni ni wito wa mmea kwa kuvu. Haidumu sana udongoni, huvunjika upesi, kwa hiyo anayeinusa anajua kwamba mzizi uko karibu na uko hai. Kiduha hakina ushirika wowote na mikoriza. Kimejifunza tu kudukiza wito wa wengine.

Jinsi kilivyojifunza ni habari ninayoipenda kupita kiasi, mnivumilie. Mimea ina protini iitwayo KAI2, ambayo katika baadhi ya mimea huhusika na kutambua kemikali za moshi, ili mbegu ziote baada ya moto kupita. Kwenye kiduha cha maua ya zambarau jeni ya protini hiyo imejirudufu mara nyingi, na nakala kadhaa zimebadilika umbo zikawa zinashika strigolaktoni. Tafiti za mwaka 2015 zilionyesha kwamba mojawapo, HTL7, ni kali kiasi cha kuamsha mbegu kwa strigolaktoni kidogo mno, kiwango ambacho mashine zetu nyingi za maabara zingehangaika kukipima. Kilichokuwa pua ya moshi kimegeuzwa kuwa pua ya kunusia mizizi.

Ninachotaka mkulima na bwana shamba wakielewe kuliko vyote ni hiki: mmea hauiti wakati wote kwa nguvu sawa. Ukishiba fosforasi, hunyamaza karibu kabisa. Ukiwa na njaa, hupaza. Kwa mtama, uhaba wa naitrojeni pia huongeza wito. Udongo mwekundu wenye tindikali, wenye chuma na alumini nyingi, huishika fosforasi isiachike, hata kama ukipima utaikuta imo. Mahindi yaliyopandwa hapo huita kuvu usiku na mchana, na kila mbegu ya kiduha iliyolala miaka yote ile inasikia. Wakulima wamesema siku zote kwamba kiduha hupenda ardhi iliyochoka. Walikuwa sahihi, na kemia imeonyesha njia inayopitia.

Ndiyo maana sishawishiki na anayetaka kutatua kiduha kwa dawa ya kupulizia peke yake huku shamba halijaona samadi wala mbolea ya fosifeti, iwe TSP au ya Minjingu. Lakini nisikudanganye kwamba kumwaga mbolea ni suluhisho lisilo na gharama. Mmea uliojaa fosforasi haumwiti kiduha, na kuvu pia haumwiti. Kwa kipato cha mkulima wetu wengi hawafiki huko, kwa hiyo kiasi cha wastani pamoja na samadi kinanielea zaidi. Mizizi ikishaingiwa na mikoriza vizuri, wito wenyewe hupungua. Majaribio ya kaskazini mwa Kamerun yalionyesha kiduha kikipungua kwenye mtama na mahindi yaliyopewa kuvu hao.

Kuna wanaouliza kwa nini tusizalishe mahindi yasiyotoa strigolaktoni kabisa. Tangu 2008 tunajua kwamba dawa hizi ni homoni pia ndani ya mmea wenyewe: huzuia machipukizi ya pembeni. Ukizifuta, unapata mmea wenye matawi ovyo na mikoriza haba. Njia ya busara zaidi ni kubadili maneno ya wito bila kuufuta. Gebisa Ejeta, mwanasayansi wa Ethiopia, akiwa Chuo Kikuu cha Purdue nchini Marekani, alizalisha aina za mtama zinazostahimili kiduha, na mwaka 2009 akapewa Tuzo ya Chakula ya Dunia. Baadaye, mwaka 2017, ilibainika kwamba siri ya baadhi ya aina hizo ni jeni moja, LGS1. Ikikosekana, mzizi huacha kutoa strigolaktoni iitwayo 5-deoksistrigoli na kutoa zaidi nyingine, orobankoli, ambayo mbegu ya kiduha haiijali sana ilhali kuvu anaielewa. Kwa mahindi, utafiti uliotoka 2023 ulionyesha kwamba aina zinazotoa zealaktoni kidogo, na dawa nyingine za ukoo huo badala yake, huamsha kiduha kwa uchache.

Njia nyingine ni kukidanganya. Kiduha cha maua mekundu kilipogunduliwa Carolina Kaskazini na Carolina Kusini mwaka 1956, Wamarekani walikuja kuingiza gesi ya ethilini udongoni: mbegu huota, hazikuti mzizi, zinakufa. Gesi na mitambo yake si kazi ya shamba la ekari mbili. Pamba, soya na alizeti hufanya jambo lilelile kwa bei nafuu, na hapo ndipo ile ajabu ya pamba ya 1966 inapopata matumizi.

Desmodiamu ya Mbita, kule Homa Bay, mmea wa jamii ya kunde, ni kisa cha aina yake. Zeyaur Khan na wenzake wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, waliipanda katikati ya mahindi ili kufukuza viwavi wa mabua, kwenye kilimo cha vuta-sukuma, ambapo mmea mmoja huwasukuma wadudu na mwingine kandokando huwavuta. Kiduha kikapungua kwa namna ambayo hawakuitarajia. Mizizi ya desmodiamu hutoa kemikali zinazoamsha mbegu, na nyingine zinazouzuia mzizi mchanga wa kiduha usikue na kushika mahindi. Juu ya hayo unapata lishe ya ng'ombe na naitrojeni ya bure.

Na wapo kuvu wanaokishambulia kiduha chenyewe. Magharibi mwa Kenya hutumika aina ya Fusarium inayozidisha kutoa asidi amino ambazo kiduha hakiwezi kuzivumilia. Hapo mwanzo kuvu huyo aligawiwa akiwa juu ya vijiti vya kuchokolea meno. Mkulima anamkuza kwenye wali uliopikwa, kisha anatia kidogo kwenye kila shimo pamoja na mbegu ya mahindi. Hapa kuvu hangoji kuitwa, anapelekwa mkononi.

Tahadhari moja kwa wanaoagiza mbegu stahimilivu kutoka mbali. Kiduha cha maua ya zambarau hakijichavushi chenyewe, huchanganya damu kila msimu, na pua zake hutofautiana mahali na mahali: kilichozoea uwele hakinusi sawasawa na kilichozoea mahindi. Aina ya mtama iliyonyamazisha kiduha cha nchi nyingine ipande kwanza kwenye kipande kidogo chenye historia ya kiduha, kando ya aina uliyoizoea, na uhesabu michomozo ya gugu kabla haijatoa maua.