Kwa nini mwanafunzi mgeni katika maabara ya saratani huanza kwa kulisha seli?

Mwanafunzi anayekwenda fildi kwenye maabara ya utafiti wa saratani huwa ameshajichorea mambo kichwani: atajaribu dawa mpya, ataona uvimbe ukinywea, jina lake litatoka kwenye jarida. Akifika anakabidhiwa chupa bapa ya plastiki yenye maji ya rangi ya waridi na kuambiwa: hizi ni seli, zilishe, zisife. Wiki zinapita, bado analisha. Wapo wanaodhani wanaonewa kwa sababu ya ugeni wao. La hasha. Kazi hiyo ndiyo inayoamua kama majibu ya utafiti mzima yataaminika au ni ya kutupwa, na wanasayansi walilijua hilo kwa aibu.

Seli za saratani zilizotolewa mwilini hutaka kuendelea kutunzwa kana kwamba bado zimo humo. Zinahitaji joto la nyuzi 37, hewa yenye kabonidioksidi kiasi cha asilimia 5, sukari, chumvi, asidi amino, na mara nyingi asilimia 10 ya seramu, yaani majimaji ya damu, ya ndama ambaye hajazaliwa. Ule uwaridi nao si urembo. Humo mna fenoli nyekundu, rangi inayogeuka njano asidi inapozidi. Chupa ikikutwa ya njano asubuhi, ama seli zimejaa mno na chakula kimechoka, ama bakteria wameingia. Kwa bakteria, kwa kawaida maji huwa na ukungu pia.

Zikijaa, hubanduliwa kwa kimeng'enya kiitwacho tripsini, kisha sehemu yake huhamishiwa chupa mpya. Tripsini ikikawia, inaanza kuziumiza seli zenyewe. Halafu zinahesabiwa chini ya hadubini zikiwa zimetiwa rangi ya buluu: iliyo hai huizuia rangi isipenye, iliyokufa huinywa. Yote haya hufanyika ndani ya kabati lenye mkondo wa hewa iliyochujwa, na kila kinachoingia humo, hata glovu, hupuliziwa spiriti ya asilimia 70. (Mbona si spiriti kali kabisa? Kwa sababu maji kidogo huisaidia kuharibu protini za vijidudu, na ile kali hukauka kabla haijamaliza kazi.)

Bakteria wana nafuu moja: wanaonekana. Kibaya zaidi ni seli kuingia kwenye chupa isiyo yake.

Mwaka 1951, katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani, Henrietta Lacks, mama mweusi wa watoto watano, alikuwa akitibiwa saratani ya mlango wa kizazi. Kipande cha uvimbe wake kilichukuliwa bila ridhaa yake na kupelekwa maabara ya George Gey, ambako msaidizi wake, Mary Kubicek, alikiotesha. Lacks alifariki Oktoba mwaka huohuo akiwa na miaka 31. Seli zake, zilizopewa jina la HeLa, hazikufa. Zilikuwa zikiongezeka maradufu kwa takriban siku moja, zikagawiwa maabara za dunia nzima, na familia yake haikujua lolote hadi miaka ya 1970. Hilo peke yake lingetosha kuitwa aibu, lakini kulikuwa na jingine.

Mwaka 1966 mtaalamu wa jenetiki, Stanley Gartler, alisimama mbele ya wenzake na kueleza alichokikuta alipopima koo za seli (kila ukoo ni seli zilizooteshwa kutoka kwa mtu mmoja) karibu 20 zilizokuwa zikitumika maabara mbalimbali. Alipima vimeng'enya, kimojawapo kikiwa G6PD, kilekile ambacho upungufu wake huwafanya madaktari wetu wasite kutoa dawa ya primakwini kwa mgonjwa wa malaria. Koo zote zilikuwa na aina moja ya G6PD, inayopatikana kwa watu wenye asili ya Afrika, ilhali baadhi ya seli hizo zilidaiwa kutoka kwa Wazungu. Zilikuwa HeLa. Mahali fulani pipeti moja, mrija wa kunyonyea maji, iligusa chupa mbili, na tone likatosha: HeLa hukua haraka, hivyo huzimeza nyingine polepole bila rangi ya maji kubadilika. Watu walikuwa wameandika makala kuhusu saratani za viungo vingine huku mkononi wakiwa na saratani ya mlango wa kizazi.

Tatizo halijaisha. Orodha ya kimataifa ya koo za seli zilizochanganyika au kupewa jina lisilo lake ina zaidi ya 500. Ndiyo maana mgeni hufokewa akifungua chupa za koo mbili kwa wakati mmoja, na ndiyo maana majarida mengi sasa hudai kipimo cha vinasaba kinachothibitisha kwamba seli ni zile zilizoandikwa kwenye lebo.

Kuna na maikoplazma, bakteria wasio na ukuta wa seli. Penisilini, ambayo hushambulia ukuta huo, haiwagusi, na hadubini ya kawaida haiwaonyeshi. Mara nyingi hutoka vinywani mwetu, kwa hiyo hapapigwi soga juu ya chupa iliyo wazi.

Kanuni basi ni nyepesi: chupa ikichafuka, itupe. Lakini Desemba 1963 kuna iliyonusurika. Denis Burkitt, daktari mpasuaji katika hospitali ya Mulago, Kampala, alikuwa ameeleza uvimbe wa ajabu unaovimbisha taya za watoto, na vipande vyake vilikuwa vikisafirishwa kwa ndege hadi London kwa mtafiti Anthony Epstein. Siku hiyo ukungu uliigeuza ndege ikatua Manchester. Chupa ilipofika, maji yalikuwa yamechafuka. Badala ya kumwaga, Epstein aliweka tone chini ya hadubini, akaona seli za uvimbe, hai, zikielea zenyewe. Yeye na Yvonne Barr, msaidizi wake wa utafiti, wakaziotesha vivyo hivyo, zikielea. Bert Achong, mzaliwa wa Trinidad, alikuwa mtaalamu wao wa hadubini ya elektroni, na ndani ya seli hizo vikaonekana virusi vya jamii ya hepesi. Makala yao ilitoka Machi 1964.

Leo virusi hivyo huitwa Epstein-Barr, na zaidi ya watu wazima 9 kati ya 10 duniani wanavyo bila kuugua saratani. Uvimbe wa Burkitt, hata hivyo, huwaandama hasa watoto wa maeneo yenye malaria nyingi, kwa kuwa malaria ya mara kwa mara hudhoofisha kinga inayovidhibiti virusi na kuchochea seli za damu zilizovibeba zijigawe.