Je, wajua kwa nini gari ulilokwisha kulitoa sadaka Marekani linaweza kukuletea faini?

Nchini Marekani, mtu mwenye gari kuukuu hupiga simu kwa shirika la hisani, gari la kuvuta likaja, na mkweche ukaondoka bila yeye kutoa hata senti. Miezi kadhaa baadaye anaweza kupokea barua ya faini ya maegesho kutoka mji ambao hajawahi kuukanyaga. Jimbo halijui funguo ziko kwa nani. Linalijua jina lililo kwenye kumbukumbu zake, na faini, deni la tozo za barabara au gharama za yadi ya magari yaliyovutwa humwendea mwenye jina hilo.

Karatasi inayobeba jina hilo ni hati ya umiliki, inayofanya kazi ya logbook ya Kenya au kadi ya gari ya Tanzania. Isichanganywe na kadi ya usajili inayokaa garini, maana hiyo haihamishi chochote. Hati hutolewa na jimbo, si serikali kuu, kwa hiyo ushauri wa binamu aliye Ohio unaweza kumpoteza kabisa aliye Texas.

Mambo huharibika zaidi kwenye sehemu ya kuhamisha umiliki, ambayo aghalabu iko nyuma ya hati. Muuzaji ni wewe, hata kama hulipwi. Saini lazima ifuate jina lilivyochapwa mbele. Hapo ndipo wengi waliotoka Kongo au Burundi hukwama, maana jina la ukoo na la kwanza huenda yalipinduliwa walipoandikishwa. Majina yasipolingana na kitambulisho, uliza idara ya magari ya jimbo, yaani DMV, ni fomu gani ya maelezo inayohitajika kabla hujashika kalamu. Kufuta au kupaka wino mweupe ni kosa baya kuliko lile unalotaka kulificha: hati huonekana imechezewa, karani huikataa, na mara nyingi inabidi kuomba nakala mpya kwa malipo.

Yakiandikwa majina mawili, tazama kiunganishi. California, "AND" (na) au alama ya mkwaju (/) humaanisha wote watie saini. "OR" (au) humaanisha mmoja anatosha. Ikiwa mwenye gari amefariki, jimbo hilo huruhusu mrithi kutumia fomu REG 5 baada ya siku 40, mradi mirathi haihitaji kupitia mahakamani. Na kama hati bado inaonyesha benki iliyokopesha, barua ya benki ya kuthibitisha kwamba deni limekwisha ndiyo ya kwanza kutafutwa. Wengi walimaliza kulipa zamani, lakini benki ikabaki kwenye hati.

Halafu kuna odometa, yaani kipimo cha maili ambazo gari limetembea. Sheria ya serikali kuu inataka anayetoa gari la toleo la 2011 au jipya zaidi aandike maili zilizosomeka, hadi gari litimize miaka 20. La 2010 kurudi nyuma limesamehewa. Andika maili nzima, acha sehemu ya kumi ya maili, na usikisie: tarakimu isiyolingana na kumbukumbu za awali huzua shaka kwamba odometa imerudishwa nyuma.

Katika majimbo kama Pennsylvania, Ohio na North Carolina, saini hutiwa mbele ya notari, yaani ofisa anayeshuhudia saini. Ukishasaini nyumbani ndipo umfuate, umechelewa, kwa sababu kazi yake ni kushuhudia mkono wako ukiandika.

Dereva wa gari la kuvuta akikuambia uache nafasi ya mnunuzi wazi, kataa. Andika jina la shirika. Hati iliyosainiwa bila jina la mpokeaji inaweza kupita mikononi mwa wauzaji kadhaa bila yeyote kuisajili, na muda wote huo gari ni lako kwenye kumbukumbu za jimbo. Piga picha hati pande zote mbili kabla haijaondoka.

Siku hiyo hiyo, toa taarifa kwa jimbo kwamba umeshaachana na gari. California hutoa siku 5, kwa fomu REG 138 au mtandaoni. Texas siku 30, kwa fomu VTR-346. Taarifa hii ndiyo kinga yako halisi, na ndiyo inayosahaulika zaidi kwa sababu si kazi ya shirika: ni jukumu la aliyetoa gari. Vibao vya namba navyo vina kanuni zake. California kwa kawaida hubaki na gari, Texas huvuliwa. New York hurudishwa DMV kwanza, ndipo bima ikatishwe. Ukigeuza mpangilio huo usajili husimamishwa, na pengo la bima likizidi siku 90 leseni yako ya udereva nayo husimamishwa.

Kuhusu kodi, wengi huahidiwa makubwa kuliko yaliyopo. Nafuu ya kodi kwa sadaka hii ni ya mtu anayeorodhesha makato yake (kiasi kinachopunguzwa kwenye mapato kabla ya kutozwa kodi) moja moja kwenye ritani ya kodi, na walio wengi hawafanyi hivyo. Shirika likiuza gari kwa zaidi ya dola 500, kwa kawaida kato lako haliwezi kupita bei hiyo ya mauzo, hata kama gari ulilithamini mara tatu yake. Uthibitisho ni fomu 1098-C, ambayo shirika linapaswa kukupa ndani ya siku 30 baada ya mauzo. Stakabadhi ya dereva wa gari la kuvuta haiwezi kushika nafasi yake. Likiuzwa kwa dola 500 au pungufu, unaweza kudai thamani yake ya soko, mradi isivuke dola 500.