Msitu wa Rondo umesimama juu ya mchanga

Ukiona miti ya msitu wa Rondo, hapa Lindi, ilivyo minene, utadhani ardhi yake ina rutuba kubwa. Fukua. Chini ya majani utakuta udongo wa kichanga, na mchanga haushiki virutubisho. Rutuba imo ndani ya miti na katika tandiko la majani, nayo inazunguka bila kutua. Rondo haipati mvua mwaka mzima kama misitu ya Kongo, lakini mzunguko ni uleule, ila kiangazi huupunguza kasi na mvua za Desemba huuamsha.

Funua tandiko hilo taratibu kwa mkono. Juu majani ni makavu na mazima. Yanayofuata yamepauka, yamemeguka, yameshikanishwa na nyuzi nyeupe za kuvu. Kisha inakuja mboji nyeusi iliyojaa vijizizi vyembamba kama nywele, vimepanda juu kukifuata chakula kabla maji hayajakizamisha. Mti huipa kuvu sukari. Kuvu huuletea mti fosforasi.

Virutubisho havitoki pamoja. Potasiamu husuuzwa na mvua hata jani likiwa bado mtini. Kalsiamu imejengwa katika kuta za seli, hivyo husubiri jani lioze. Naitrojeni na fosforasi, mti huvuta sehemu kubwa na kuirudisha mwilini mwake kabla ya kuliangusha jani.

Moto huukata mzunguko huo. Anayefyeka na kuchoma ili apande ufuta hupata majivu yenye potasiamu na kalsiamu, yanayopunguza tindikali, na msimu wa kwanza ufuta hupendeza kweli. Lakini naitrojeni na salfa nyingi zimeondoka na moshi, na mvua kubwa hushusha kilichobaki mahali ambapo hakuna tena mizizi ya kukinasa. Mavuno yakishuka, mbegu ndiyo hulaumiwa.

Wenye mikorosho, hili linawahusu. Mnafagia chini ya mti ili korosho zilizoanguka zionekane, sawa. Chungu ya majani msiichome. Iwekeni kando, na mkimaliza kuokota itandazeni tena, unene wa sentimita 10, mkiacha sentimita 20 kutoka shinani ili gome lisikae na unyevu. Msiyafukie makavu kwenye mahindi machanga: vijidudu vinavyoyaozesha huchukua naitrojeni ya udongoni, na mahindi huwa ya njano. Na kwa kuwa salfa ya unga mnayopuliza dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa kuvu wa mikorosho, huongeza tindikali, pimeni udongo wa chini ya mti, si wa katikati ya mistari.