Besi haipo, au haisikiki tu? Dhana potofu kuhusu plagini za besi na ikwalaiza

Miksi nyingi (nyimbo ambazo treki zake zimeshachanganywa) zinazonifikia na malalamiko kwamba besi haina nguvu nazikuta tayari zimebebeshwa mzigo: ikwalaiza, yaani kifaa cha kupandisha na kushusha masafa ya sauti, imepandishwa kwenye masafa ya chini, juu yake kuna plagini (programu ndogo ya ziada) ya kukuza besi, na wakati mwingine plagini ya pili juu ya ile ya kwanza. Aliyezipanga si mvivu. Ameamini tu mambo ambayo sisi wenye kazi hii tumeyarudiarudia mpaka yakaonekana kweli.

"Plagini ya besi ni ikwalaiza iliyorahisishwa"

Hapana. Ikwalaiza hushughulika na kilichopo tu: hukipandisha au hukishusha. Kama treki haina noti yoyote chini ya hezi 60 (mitetemo 60 kwa sekunde), ukipandisha hezi 40 kwa desibeli 12 utakachokuza ni mngurumo wa feni na vishindo vya stendi ya mikrofoni. Plagini ya besi huzalisha sauti ambayo haikuwemo kwenye rekodi.

Unaweza kujionea mwenyewe kwa dakika mbili. Tengeneza sauti tupu ya hezi 50 ndani ya programu yako ya kurekodia, kisha weka kichanganuzi cha masafa mwishoni. Utaona mstari mmoja umesimama kwenye 50. Washa ikwalaiza, pandisha: mstari ni uleule, umerefuka tu. Izime, washa plagini ya besi, mfano RBass ya Waves. Sasa kando yake imechipuka mistari mipya kwenye 100, 150, 200 na kuendelea. Mtu akishaiona picha hiyo mara moja, hawezi tena kuvichanganya vifaa hivi viwili.

"Besi isiposikika kwenye simu, pandisha hezi 50"

Hii ndiyo dhana inayoharibu nyimbo nyingi kuliko zote, kwa hiyo niruhusu nikae hapa kidogo.

Uzi mnene wa gitaa la besi ukipigwa wazi hutoa noti ya E yenye hezi 41 hivi. Hiyo ndiyo sauti mama. Juu yake hufuatana wanawe, yaani harmoniki: 82, 124, 165, 206, na wengine wanaozidi kufifia. Spika ya simu ni ndogo mno kusukuma hewa ya hezi 41, na hata 82 inatoka kwa tabu mno. Lakini anayesikiliza kwa simu husikia noti ileile ya E, wala hasemi imepanda oktava. Ubongo wake hupima pengo kati ya wale wana waliofika, hukuta kila mmoja amepishana na mwenzake kwa 41, ukamrudisha mama asiyekuwepo. Mafundi wa vinanda vya mabomba makanisani wameitumia siri hii tangu zamani: badala ya kujenga bomba la futi 32, huunganisha mabomba mafupi mawili, sikio likamalizia lenyewe.

Sasa fikiria umepandisha hezi 50 kwa desibeli 6. Ukubwa wa wimbi la masafa hayo umekuwa maradufu. Spika ya simu haikuona tofauti yoyote, kwa sababu haiwezi kuyatoa. Lakini limita ya mwishoni, inayozuia sauti isivuke kikomo, imeyaona, na kila kiki (ngoma kubwa ya mguu) ikigonga inaubana wimbo mzima, waimbaji na gitaa wakiwemo. Umelipa gharama yote na msikilizaji wa simu hajapata kitu.

Kinachohitajika hapo ni wana wa noti hiyo. Kama wamo kwenye rekodi lakini wamefunikwa, ikwalaiza inatosha: pandisha kidogo kati ya hezi 100 na 250, au juu zaidi ya hapo, kwenye masafa ya mlio wa vidole vikigusa uzi. Kama hawamo kabisa, mfano besi ya sinthesaiza iliyo tupu kama filimbi, ndipo plagini inapostahili kuitwa.

"Plagini hizi zote zinafanya kazi moja"

Ziko koo mbili, na zinakwenda njia tofauti kabisa. Ukoo wa kwanza, kama MaxxBass na RBass za Waves, huongeza harmoniki juu ya noti ili spika ndogo iidanganye akili. Ukoo wa pili huteremka chini: huichukua sauti ya hezi 60 na kutengeneza nyingine ya 30, oktava moja chini yake, kama zilivyofanya mashine za dbx 120 kwenye madisko. Ukimwekea mtu wa simu huyu wa pili, umempelekea sauti ambayo kifaa chake hakitaitoa kamwe. Ukiwa na kiki nyepesi na wimbo unaokwenda kupigwa kwenye spika kubwa, ndiye hasa unayemtaka.

"Iweke kwenye masta, wimbo wote upate besi"

Masta ni njia ya mwisho inayopitisha treki zote kwa pamoja, na vifaa vinavyozalisha harmoniki hupenda noti moja kwa wakati. Vikipewa mbili, vinazaa pia jumla na tofauti yake. Besi ikiwa kwenye hezi 55 na kiki ikilia kwenye 60, itajitokeza 115, sauti isiyo ya besi wala ya kiki, na nyingine ya 5 inayoyumbisha spika bila kusikika. Ndio ule ukungu ambao watu huisingizia kompresa, kifaa cha kubana sauti. Weka plagini kwenye treki ya besi peke yake.

"Ikwalaiza ni ya kuongeza"

Mara nyingi besi imezibwa na wenzake. Shusha kinanda na gitaa kati ya hezi 200 na 350, kidogo tu, uone besi inavyojitokeza bila kuguswa. Hata mtindo maarufu wa ikwalaiza ya zamani ya Pultec EQP-1A, wa kuongeza na kupunguza masafa yaleyale kwa pamoja, unapendwa kwa sababu hiyo: vitufe viwili havifutani, vinaacha kilima chini na bonde dogo juu yake.

"Nimesikia mwenyewe, imenoga"

Watafiti Fletcher na Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba sikio halizipokei sauti za chini kwa usawa: sauti ikiwa ndogo, besi ndiyo inayopotea kwanza. Kwa hiyo plagini yoyote inayoongeza sauti jumla hata kwa desibeli moja itaonekana imeongeza besi. Shusha kitufe cha sauti inayotoka kwenye plagini mpaka wimbo uwe na ukubwa uleule plagini ikiwa imewashwa na ikiwa imezimwa, kisha ndipo uhukumu. Mimi plagini nyingi nimeziondoa baada ya jaribio hilo moja.

Halafu kuna chumba. Wimbi la hezi 40 lina urefu wa mita 8 na nusu hivi, na katika chumba kidogo hujikunja na kujifuta lenyewe mahali fulani. Kuna wimbo nilioufanyia kazi usiku kucha nikipandisha besi, nikiongeza plagini, nikirudi kwenye ikwalaiza, na noti mbili bado zinamezwa. Nilipoinuka kunyoosha mgongo na kuegemea ukuta wa nyuma, zile noti mbili zilikuwa zinanguruma mpaka mlango unatetemeka. Besi ilikuwepo tangu mwanzo. Kiti changu ndicho kilichokuwa kwenye shimo. Nilifuta kila nilichoongeza, nikasogeza kiti mbele kama nusu mita, nikaanza tena na fada, kitelezi cha ukubwa wa sauti, peke yake.