Chai nyeusi na chai ya kijani ni mmea mmoja

Wengi huamini kuwa chai nyeusi na ya kijani hutoka kwenye mimea miwili tofauti. Wafanyabiashara wa chai wa London mwanzoni mwa karne ya 19 nao waliamini hivyo, na si ajabu: chai iliwafikia ikiwa imekaushwa tayari, ndani ya makasha kutoka China. Miaka ya 1840 ndipo ilipothibitika kule mashambani kwamba mmea ni uleule.

Tofauti iko kwenye utayarishaji. Majani ya chai nyeusi husokotwa, yakaachwa yabadilike rangi kwa hewa. Ya kijani hupashwa moto mapema yasibadilike.

Jaribu nyumbani: loweka majani mazima ya aina zote mbili, uyakunjue taratibu. Utaona kingo zilezile zenye meno madogo kama ya msumeno.